Kambove: Mgonjwa wa muda mrefu anahitaji kaye yake kabla ya simu ya kisasa

"Papa, mara ya mwisho tansio yako ilikuwa ngapi?"

Muuguzi anapouliza hivyo, mzee aliyeketi mbele yake mara nyingi hana jibu. Anakumbuka tu kwamba walimwambia iko juu, kwamba alipewa kidonge cheupe, na kwamba kidonge hicho kilimalizika kabla ya sikukuu. Karatasi waliyomwandikia ilipotea, ao ilibaki mkononi mwa mtoto aliyetumwa farmasi. Basi wote wawili wanaanza upya, kama vile ugonjwa umezaliwa asubuhi hiyo.

Hali hiyo inajulikana katika vituo vingi vya afya nchini Kongo, na inawagusa pia wakaaji wa Kambove, mji wa shaba ulio zaidi kidogo ya kilomita 20 kutoka Likasi, katika jimbo la Haut-Katanga. Kwa malaria, karatasi kupotea si hatari kubwa: mtu anatibiwa, anapona, mambo yanaisha. Lakini kwa tansio, sukari, SS, kifafa, pumu ao virusi vya UKIMWI, ugonjwa hauishi. Mgonjwa ataishi nao miaka 10, 20 ao 40. Tiba yake inategemea kujua jana ilikuwaje.

Hesabu ni rahisi. Mgonjwa anayekwenda kituoni mara moja kwa mwezi anaonwa na muuguzi siku 12 kwa mwaka. Siku 353 zinazobaki, yeye mwenyewe ndiye muuguzi wake. Ndiyo sababu ulimwenguni kote watu wanatengeneza vyombo vya kumsaidia mgonjwa kufuata afya yake: programu za simu, saa za mkononi zinazohesabu mapigo ya moyo, mashine ndogo za kupima sukari. Swali kwa Kambove ni hili: chombo gani kitafaa mahali ambapo simu moja inatumiwa na nyumba nzima, umeme unakatika, na mega zinanunuliwa kwa hesabu?

Faili lililobaki katika kabati la kampuni

Kambove ina sababu yake ya pekee ya kujiuliza swali hilo. Kwa miaka mingi afya ya mji ilikuwa mikononi mwa kampuni. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, kisha Gécamines baada ya serikali kuchukua migodi mwaka 1967, iliwapa wafanyakazi nyumba, shule, chakula na matibabu. Mfanyakazi, bibi yake na watoto wao walitibiwa katika hospitali za kampuni bila kulipa. Faili la mgonjwa lilikaa hospitalini. Hakuna aliyehitaji kukumbuka tansio yake, kwa sababu kampuni ilikumbuka kwa niaba yake.

Uzalishaji wa shaba ulianguka katika miaka ya 1990. Kati ya mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango ulioitwa "kuondoka kwa hiari", ambao ulifadhiliwa na Benki ya Dunia. Walipewa pesa mara moja, na pamoja na kazi ikaenda haki ya kutibiwa. Mtu aliyekuwa na miaka 45 wakati ule amepita sasa miaka 65, umri ambao tansio na sukari vinabisha hodi katika kila nyumba. Historia ya mwili wake iliandikwa, ndiyo, lakini iliandikwa katika faili ambalo hakuwa nalo mkononi.

Somo la historia hiyo ni kwamba kumbukumbu ya ugonjwa ikikaa mahali pamoja tu, na mahali hapo si kwa mgonjwa, siku mlango unapofungwa mgonjwa anabaki bila kumbukumbu. Ni vilevile kwa kabati la kampuni, kwa kompyuta ya mradi wa misaada unaomalizika baada ya miaka mitatu, ao kwa programu ya simu ambayo mwenye kuitengeneza ameacha kuishughulikia.

Kuandika nini, na kwa kipimo gani

Watengenezaji wengi wa vyombo hivi wanaanza na mashine. Afadhali waanze na mgonjwa: ni jambo gani moja ao mawili akiyaandika yatabadilisha uamuzi wa muuguzi?

Kwa tansio, ni namba mbili, tarehe, na kama dawa ilimezwa. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilikadiria kwamba watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana tansio ya juu, na karibu nusu yao hawajui. Ugonjwa huo hauumi, kwa hiyo mtu akijisikia vizuri anaacha dawa. Namba zilizoandikwa ndizo zinazomwonyesha kile ambacho mwili haumwambii.

Lakini hata namba ina mitego. Kongo, kama nchi nyingi zinazosema Kifaransa, watu wamezoea kusikia "kumi na nne kwa tisa". Mashine ya umeme inayouzwa sokoni inaonyesha 140 na 90. Ni kitu kimoja, lakini mtu asiyejua anaweza kuona 140 akafikiri anakufa, ao akaandika 14 siku moja na 140 siku nyingine. Sukari ni hatari zaidi: mashine moja inaonyesha 126 kwa miligramu, nyingine inaonyesha 7 kwa milimoli, na damu ni ileile. Chombo kinachotengenezwa vizuri kinachagua kipimo kimoja, kinakiandika juu ya ukurasa, na hakikibadilishi.

Mashine ya sukari ina mtego mwingine. Inanunuliwa mara moja, lakini vijiti vyake vinanunuliwa kila wakati, na kwa kawaida vijiti vya aina moja haviingii katika mashine ya aina nyingine. Familia inayopewa mashine ya zawadi ambayo vijiti vyake havipatikani Likasi imepewa kitu cha kuweka kabatini. Mwenye kupanga mradi anapaswa kuuliza bei ya vijiti vya mwaka mzima kabla ya kuuliza bei ya mashine.

Kwa SS, mambo ni tofauti tena. Uchunguzi uliofanywa Kinshasa kwa watoto wachanga zaidi ya 31,000 na kikundi cha Profesa Léon Tshilolo wa hospitali ya Monkole ulionyesha kwamba karibu mtoto 1.4 kwa kila watoto 100 anazaliwa na ugonjwa huo. Kwa mtoto wa SS, mzazi hahitaji mashine kubwa. Anahitaji kuandika siku ya maumivu, mahali panapouma, homa, maji aliyokunywa, dawa aliyopewa. Anahitaji pia kujua rangi ya kawaida ya macho na viganja vya mtoto wake, na kufundishwa kugusa bandama upande wa kushoto wa tumbo, maana ikivimba ghafla mtoto anaweza kufa kwa saa chache. Huko Jamaika, wazazi walipofundishwa kugusa bandama, vifo vya watoto kwa sababu hiyo vilipungua sana.

Baada ya miezi michache, kaye ya mtoto inaanza kusema. Katika Haut-Katanga, usiku wa mwezi wa sita na wa saba ni wa baridi, na baridi ni moja ya mambo yanayoamsha maumivu ya SS. Mama anayeona katika kaye yake kwamba mwaka uliopita maumivu yalikuja mara nne wakati wa baridi, na mara moja tu wakati wa mvua, atatafuta blanketi kabla ya mwezi wa tano kuisha. Hapo chombo kimefanya kazi yake.

Karte ambayo kila mama anaijua

Wazo la mgonjwa kushika kumbukumbu yake si geni Kambove. Kila mama aliyempeleka mtoto kwenye kilo anajua karte ya CPS yenye mistari ya uzito. Chanzo cha karte za aina hiyo ni kazi ya daktari Mwingereza David Morley, aliyefanya kazi magharibi mwa Nigeria katika miaka ya 1950. Morley aliona kwamba karte zikikaa hospitalini zinapotea, lakini mama akipewa ya mtoto wake, anaitunza nyumbani na kuirudisha. Mchoro ulikuwa na jambo moja la kusoma: mstari unapanda, umelala, ao unashuka? Mama asiyejua kusoma aliuelewa.

Mfano mwingine ulitoka jirani. Mwishoni mwa miaka ya 1970, daktari Karel Styblo kutoka Chekoslovakia alisaidia Tanzania kujenga mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu. Nguvu ya mpango huo ilikuwa karatasi: karte ya kila mgonjwa, ambamo kila dozi iliwekewa alama, na daftari la wilaya lililohesabu nani amepona, nani amekufa, nani ametoroka. Katika miaka ya 1990 OMS iliueneza ulimwenguni kwa jina la DOTS, na hadi leo mgonjwa wa kifua kikuu anatibiwa kwa karte ya namna hiyo.

Mifano hiyo inaonyesha kwamba karte inadumu ikiwa na mambo machache, ikisomeka kwa jicho, na kama kuna mtu anayeitazama. Karte ya CPS ambayo muuguzi haitazami inabaki karatasi ya kufungia karanga.

"Mambo?" ya Kenya

Simu nayo ina nafasi yake, na mfano mzuri zaidi ulisemwa kwa Kiswahili. Kati ya mwaka 2007 na 2008, vituo vitatu vya Kenya, viwili Nairobi na kimoja Kajiado, viliandikisha watu 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Nusu yao walipata kila juma ujumbe mfupi wenye neno moja: "Mambo?" Walipaswa kujibu katika saa 48, ama "Sawa", ama "Shida". Aliyejibu "Shida", na yule asiyejibu, alipigiwa simu na muuguzi.

Matokeo yalitangazwa katika gazeti la kitabibu The Lancet mwaka 2010 na kikundi cha daktari Richard Lester. Kati ya waliopata ujumbe, asilimia 62 walifuata dawa zao vizuri, dhidi ya asilimia 50 kwa wasioupata. Virusi vilikuwa vimezuiwa kwa asilimia 57, dhidi ya 48.

Kuna mambo matatu ya kuangalia katika neno hilo moja. Kwanza, simu yoyote ilitosha, hata ile ya vitufe. Pili, ujumbe haukutaja ugonjwa wala dawa: mume, shemeji ao mtoto akishika simu, anaona salamu tu. Tatu, upande wa pili kulikuwa na mtu aliyelipwa ili ajibu.

Lakini simu si uchawi. Kikundi hichohicho kilijaribu njia hiyo Kibera, Nairobi, kwa watu 700 waliokuwa katika mwaka wao wa kwanza wa matunzo, ili kuona kama ingewazuia wasipotee kituoni. Matokeo yaliyotoka mwaka 2018 hayakuonyesha tofauti. Mtu anaweza kuacha kituo kwa sababu ya kuhama, ya kazi, ya pesa ya usafiri, na salamu haziondoi sababu hizo.

Kambove ingehitaji maneno yake yenyewe. "Mambo?" ni salamu ya vijana wa Nairobi, mzee wa Kambove aliyefanya kazi mgodini angeshangaa kuulizwa hivyo na kituo cha afya. "Habari, Papa?" ingekaa vizuri zaidi, na jibu liwe "Muzuri" ao "Shida". Kwa asiyejua kuandika, bipu inatosha: bipu moja ni muzuri, bipu mbili ni shida, na muuguzi ndiye anayepiga, ili unite za mgonjwa zisiguswe. Lugha inahesabika pia. Programu nyingi za afya ziko katika Kifaransa ao Kiingereza, wakati mgonjwa anaeleza maumivu yake kwa Kiswahili cha Katanga, Kisanga ao Kiluba.

Siri ya mgonjwa

Kaye inaweza kusomwa na jirani, na simu inaweza kusomwa na kampuni ya mbali. Mgonjwa anayeingiza kila siku sukari yake, uzito wake na dawa zake katika programu ya bure, mara nyingi hajui habari hizo zinakwenda wapi. Kongo ina sheria juu ya jambo hilo tangu tarehe 13 Machi 2023: kanuni ya mambo ya kidijitali, inayolinda habari za mtu binafsi. Mradi wowote unaokuja Kambove na simu za wagonjwa unapaswa kueleza kwa maneno rahisi nani atasoma, habari zitakaa wapi, na zitafutwa lini.

Kuna njia ya katikati. Nchini India, na baadaye Ethiopia, vituo vinavyotumia programu inayoitwa Simple vinampa mgonjwa wa tansio karte ndogo yenye alama ya mraba ya kupigwa picha. Muuguzi anaipiga kwa simu ya kituo, na historia ya mgonjwa inaonekana. Programu inafanya kazi hata bila mtandao, kisha inatuma habari mtandao ukirudi. Mgonjwa hahitaji simu ya kisasa. Anahitaji karte mfukoni. Lakini hata hapo namba zake ziandikwe pia kwa kalamu kwenye karte, ili siku simu ya kituo ikiharibika ao akienda Lubumbashi, asifike mikono mitupu.

Ukurasa mmoja kwa mwezi

Kwa hali ya Kambove, chombo cha kwanza kinaweza kuanza kwa kaye ya shule na biki. Ukurasa mmoja kwa mwezi mmoja. Juu: jina, ugonjwa, dawa na dozi, kipimo kinachotumika, namba ya simu ya kituo. Chini: mistari 31, mmoja kwa kila siku. Safu ya kwanza ni alama ya dawa. Ya pili ni namba, siku ambayo mtu amepimwa. Ya tatu ni neno moja ao mchoro: uso unaocheka, uso ulionyamaza, uso unaolia. Kwa asiyeandika, mtoto wa shule nyumbani anaweza kuwa karani wake, kama mgonjwa mwenyewe anakubali.

Ndani ya jalada kuwe na mistari michache ya hatari, inayosema nini cha kufanya. Tansio ikifika 18 kwa 12 pamoja na maumivu ya kifua, kichwa kikali, ao upande mmoja wa mwili kulegea: hospitali mara moja. Sukari chini ya 70 miligramu, jasho na kutetemeka: kunywa maji ya sukari sasa hivi, kisha pima tena. Mtoto wa SS mwenye homa ya 38.5, ao aliyegeuka mweupe ghafla, ao bandama yake imevimba: asingojee kesho. Namba isiyofuatwa na kitendo inaongeza hofu tu.

Kipimo chenyewe kinahitaji desturi. Mgonjwa wa tansio aketi dakika 5 bila kuongea, mkono uwe juu ya meza kwenye usawa wa moyo, kisha apimwe mara mbili. Akipimwa akiwa ametoka mbio sokoni, kaye itasema uongo.

Kisha linakuja swali gumu zaidi: nani ataisoma? Muuguzi wa kituo ana foleni. Hapa Kinshasa imetoa mfano. Tangu mwaka 2010, shirika la Médecins Sans Frontières pamoja na mtandao wa RNOAC walifungua vituo vidogo vinavyoitwa PODI, ambamo watu wanaoishi na virusi wanawapokea wenzao, wanapima uzito, wanauliza dalili, na kuwapa dawa za miezi mitatu. Anayeonekana kuwa na shida anatumwa kwa daktari. Hakuna kinachozuia watu wa tansio ao wazazi wa watoto wa SS kukutana namna hiyo mara moja kwa mwezi, katika chumba cha kanisa ao chini ya mwembe, wakiwa na mashine moja ya tansio ya wote, mtu mmoja wa RECO aliyefundishwa, na kaye zao mikononi. Zone ya afya ingehitaji kuhakikisha mashine, mafunzo, na mahali pa kuwatuma wenye shida.

Hata hivyo, kaye haigeuki kuwa dawa. Mtu anayeandika kwa uaminifu kwamba tansio yake ni 17 kwa 10, mwezi baada ya mwezi, bila pesa ya kununua vidonge, ameandika tu jinsi anavyoachwa. Lakini kaye 50 zinazosema jambo hilohilo, zikiletwa pamoja mbele ya ofisi ya zone ya afya ao mbele ya kampuni za madini zinazochimba katika eneo hilo, zina uzito kuliko malalamiko ya mdomo. Zinaonyesha watu wangapi, dawa gani, miezi mingapi.

Mzee wa Gécamines alizoea kuulizwa namba yake ya kazi, na aliijua kwa kichwa hata usingizini. Namba ya tansio yake hakuwahi kuambiwa aishike. Muuguzi wa kesho atamwuliza tena swali lilelile, na safari hii anaweza kumfungulia ukurasa.